Vidole Vilivyopigwa Mnada

Chumba cha cherehani,
Jumapili, 4 Mei

Kwa mume wangu, hapo sebuleni,

Salamu zangu zikufikie ukiwa umejilaza kwenye kochi na redio juu ya tumbo, kama nilivyokuacha. Mimi huku upande wa pili wa ukuta si mzima, na habari hiyo haihitaji stempu. Wewe najua hujambo, maana nakusikia ukikoroma kwa afya kamili.

Nimeanza na salamu kwa sababu Mshauri alituamuru tuanze na salamu. Yule binti wa hospitali, mwenye kalamu za rangi zinazoning'inia shingoni, aliyetukusanya wagonjwa wa kansa na wenzi wetu kwenye viti vya plastiki, akatuambia tushikane mikono na kila mmoja aseme anavyojisikia. Sidhani kama amewahi kuishi hata na paka. Lakini wewe ulimzidi. Wenzako wamekaa, wewe ukasimama! Ukawatangazia watu wazima, wengine wana mipira puani, kwamba "sisi nyumbani hatuna siri, sisi ni kuongea tu." Sisi nani? Mimi nilikuwa nimefungua mdomo niseme neno langu, nikaufunga tena. Ndipo akatupa kazi ya nyumbani kama watoto wa shule: tuandikiane barua, tuziweke chini ya kopo la sukari, na mambo ya ugonjwa tusiyataje kwa mdomo mpaka tujifunze kusikilizana.

Nilicheka mpaka kovu la upasuaji likauma. Halafu nikafikiri: kwenye karatasi hawezi kunikatiza. Basi kaa kitako usome.

Kliniki iliyopita daktari aliniuliza mimi. Alinitazama mimi, si wewe: "Mama, vidole vipi, kuna ganzi?" Nilikuwa nimeinamia ndoo natapika nyongo. Wewe ukamjibu kwa ile sauti yako ya kunadia mali mnadani: "Vidole salama kabisa, daktari! Huyu anashona mpaka magauni ya harusi!" Daktari akaandika. Nilipoinua kichwa alikuwa ameshamwita mgonjwa mwingine. Na kliniki ya kabla ya hiyo ilikuwa vilevile.

Magauni ya harusi! Mimi ambaye kutunga uzi kwenye sindano kumenishinda! Alhamisi nilikuwa napiga pindo la blauzi ya mteja, sindano ya cherehani ikapita kwenye kidole, nami nikaendelea kukanyaga. Nilijua nimejichoma nilipoona damu kwenye kitambaa cheupe. Kidole chenyewe hakikuniambia kitu. Nikakaa pale nimekishika, nikaogopa. Nimeandika neno hilo kwa kusudi, maana kwa mdomo usingeniachia nafasi ya kulisema.

Daktari alitueleza tangu mwanzo, sote wawili tukiwa tumekaa mbele yake: ganzi ikizidi aambiwe mapema, apunguze dawa au aibadilishe, kwa sababu ikiachwa inaweza isiondoke tena. Mimi nashona. Bila vidole mimi ni mama mmoja tu aliyekaa mbele ya meza yenye gurudumu.

Kwa hiyo kliniki ijayo, Jumanne ya tarehe ishirini, najibu mwenyewe. Kazi yako wewe ni kufunga mdomo. Najua ni kazi ngumu na hujaisomea.

Mkeo,
fundi cherehani (kwa sasa)


Sebuleni,
Jumanne, 6 Mei

Kwa mke wangu, nguzo ya nyumba, malkia wa sindano,

Pokea salamu motomoto! Hali yangu ni njema, na yako ni njema pia, usiniambie vinginevyo, maana leo asubuhi nimekuona umemaliza kikombe kizima cha chai.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kwa heshima. Mke wangu, una kalamu kali! Ungekuwa unanadi wewe, ningekosa kazi. Lakini huyo Mshauri tumwache na kalamu zake. Mtu mzima na akili zangu, nimeoa, nimezaa, nimesomesha, halafu nimwandikie barua mwanamke ninayesikia anakohoa chumba cha pili? Nimefanya hivi kwa sababu yako tu. Jamaa zangu wa mnadani wakijua, wataninadi mimi.

Sasa kuhusu kliniki. Yule daktari ana foleni mpaka nje ya geti. Daktari wa namna ile anataka jibu la haraka, la mkato, lenye nguvu. Ukianza "mara huku panawasha, mara kule pamekufa ganzi," anachoka na wewe. Mimi nimewasoma watu maisha yangu yote. Meza yenye mguu mbovu huisemi mguu mbovu, unasema meza ya historia! Ukionyesha udhaifu, bei inashuka. Ndiyo maana nakusemea. Na vidole vitarudi, vitakwenda wapi? Vimeshikana na mkono.

Watu wote wa mnadani wanakusalimu. Nimewaambia unadunda. Yule muuza vioo amesema hajawahi kuona mgonjwa mwenye mume kama mimi.

Tutashinda! Tupo imara!

Mumeo,
Kipaza (jina ulilolitukana siku ya kwanza, na bado ukanikubali)


Chumba cha cherehani,
Ijumaa, 9 Mei

Kwa mume wangu Kipaza,

Salamu. Hali yangu unaijua wewe kuliko mimi, kwa hiyo sitakusumbua nayo.

Barua yako nimeipata, pamoja na kelele zake. Nimeigeuza huku na huku nikitafuta swali, hata dogo, hata la uongo: "umelalaje," "kidole kimepona," "uliogopa nini." Hakuna. Umeandika ukurasa mzima kwa mgonjwa wa kansa na hujauliza kitu. Unajua swali pekee nililowahi kulisikia kinywani mwako tangu unioe? "Nani zaidi?"

Na hongera kwa kunifananisha na meza ya mguu mbovu. Nilikuwa sijui nauzwa.

Jana alikuja Wifi, dada yako, kunipongeza. Kunipongeza! Eti kaka amesema dawa zimekaribia kwisha na nimepona, basi nimshonee sketi ya marinda ya haraka. Akatandaza kitambaa juu ya miguu yangu kitandani. Nilimwambia vidole vimekufa ganzi. Akasema, "Aa, Wifi nawe, kaka kasema unashona vizuri tu." Yaani mtu anatazama vidole vyangu kwa macho yake, halafu anaamini mdomo wako. Kitambaa chake kipo hapa. Kitakaa.

Lakini si hilo lililonifanya nishike kalamu leo. Nimekuwa nikijiambia kwamba wewe ni mtu wa kiherehere tu, domo limetangulia mbele ya kichwa, na mtu wa namna hiyo hana ubaya, anachosha tu. Halafu leo nikavaa lile gauni la bluu, nikashindwa na vifungo, nikakumbuka. Asubuhi ile ya kliniki nilisimama mbele ya kioo nikihangaika na vifungo hivyohivyo. Wewe ukaja nyuma yangu bila kusema neno, jambo la ajabu kwako, ukanifunga vyote, kimoja kimoja, mpaka cha shingoni. Kisha tukaenda hospitali, na kwa vidole vyako vilevile vilivyofunga vifungo vyangu ukampungia daktari ukimwambia vidole vyangu ni salama kabisa.

Basi ulikuwa unajua. Sasa chagua mwenyewe, maana sina hamu ya kukuchagulia: ulikuwa mjinga au ulikuwa mwongo?

Mkeo


Sebuleni,
Alhamisi, 15 Mei

Mke wangu,

Salamu. Mimi mzima. Wewe hali yako vipi? Hilo ni swali.

Nimechelewa kujibu. Nimeanza barua hii mara nyingi na kila nikiisoma nasikia kama namuuzia mtu kabati.

Nilikuwa mwongo.

Unamkumbuka yule fundi bomba tuliyekuwa tunakaa naye kwenye benchi, anayemleta mkewe siku zetu? Aliniambia mkewe amekufa ganzi miguu, wakamwambia daktari, daktari akapunguza dawa. Nikamwambia vizuri. Siku chache baadaye nilikwenda kuchukua majibu ya vipimo vyako, nikamkuta getini anatoka peke yake. Ameshika mfuko wa nguo za mkewe, na ndala za mkewe zimechomoza juu. Macho mekundu kama pilipili. Sikuhitaji kuambiwa. Nilimshika bega, nikampa pole ndefu, nikamwombea marehemu palepale. Akanitolea macho, akatoka mbio.

Nikarudi nyumbani nikakukuta umelala na kitambaa kichwani. Nikasema moyoni: dawa haitapunguzwa hata tone. Vidole viende, mtu abaki. Kushona ataacha, nitamlisha mimi. Tangu siku ile kila daktari akiuliza, mimi nawahi.

Umetaka ukweli, ndio huo. Siombi msamaha. Nichukie, lakini unichukie ukiwa hai.

Mumeo


Chumba cha cherehani,
Ijumaa, 16 Mei

Kwa mnadi,

Salamu zako nimezipokea, pamoja na swali. Hali yangu mbaya. Natumaini wewe hali yako ni mbaya pia.

Nimeisoma barua yako mchana, nikaenda nje kuanika nguo, nikarudi nikaisoma tena, nikapata hasira. Najua ulitaka nilie. Mume anampenda mkewe mpaka anadanganya daktari! Wifi angelia. Yule muuza vioo angelia. Mimi nakuuliza jambo moja la kazi yako.

Mtu akikuletea ndoo ya plastiki uiuze, ndoo, tena iliyopasuka ukingo, unamwuliza nini kabla hujapanda juu ya meza? Nimekusikia miaka yote ukimvuta mwenye mali pembeni na kumnong'oneza: "Bei yako ya chini ni ipi? Tusishuke chini ya ngapi?" Na akikutajia, hata wateja wakutukane, chini ya hapo huuzi. Hilo ndilo jambo moja nililokuheshimia. Kwa ndoo! Vidole vyangu ukavipandisha mezani ukagonga nyundo, na mwenyewe niko pembeni nimeinamia ndoo nyingine, hukuniuliza.

Labda ungeniuliza ningekwambia vidole viende. Labda. Nawapenda watoto wangu, nataka kuona watakapofikia, sina haraka ya kufa. Lakini ningekuwa nimesema mimi. Sasa vimekwenda, au vinakwenda, na hata ile heshima ya kuvitoa mwenyewe umenipora. Halafu eti utanilisha! Nani alikuwa analisha nyumba hii misimu ile mnada ulipokuwa hauna mali wala wanunuzi?

Na huyo mke wa fundi bomba. Alikufa kwa nini? Kwa dawa kupunguzwa? Kwa homa? Kwa kuchelewa? Hujui. Uliona mfuko na ndala, ukajaza mengine mwenyewe. Ukamsomea mtu maombi ya marehemu bila kumwuliza nani kafa. Wewe ndiye unayewasoma watu!

Jumanne naingia kwa daktari peke yangu. Utanisindikiza mpaka kwenye benchi, kwa sababu ngazi zile zinanishinda, na hapo utakaa. Ukisimama tu, namwita mlinzi.

Sitakusimulia nitakayoambiwa. Jifunze jinsi kutoambiwa kulivyo.

Mkeo, bado


Kwenye benchi, hospitali,
Jumanne, 20 Mei

Mke wangu,

Uko ndani. Muuguzi alipotoka kuuliza "mume naye anaingia?" nilikusikia ukijibu "Abaki," na nimebaki. Naandika nyuma ya tangazo la mnada kwa sababu sina karatasi nyingine, usinicheke. Au nicheke.

Hali yangu si nzuri. 

Nina jambo la kukuambia, nalo litakupa kicheko cha mwezi mzima. Fundi bomba yuko hapa. Amekuja akaketi upande wangu, nikataka kuanza kumfariji tena, midomo ilishafunguka. Nikakumbuka barua yako, nikafunga mdomo. Nimekaa kimya. Hujui jinsi kunavyouma, ni kama kuzuia chafya. Mwishowe nikamwuliza, sauti ya chini: "Ndugu yangu, mkeo alipatwa na nini?"

Akanitazama. Akasema, "Mke wangu yuko chumba namba mbili anagombana na muuguzi kuhusu foleni. Wewe ndiye uliyemzika."

Mke wangu, yule mama ni mzima! Nimemsikia kwa masikio yangu mwenyewe akifoka. Siku ile alikuwa ameruhusiwa kutoka wodini, akatangulia na teksi na dada yake, mume akabaki kukusanya nguo. Macho mekundu ni ya dawa ya kuzibulia mabomba, ilimrukia kazini. Anasema nilipoanza maombi alidhani nimepata habari ya mkewe kabla yake. Akakimbia njia nzima mpaka nyumbani, akamkuta mkewe anakata kucha. Hakulala vizuri wiki nzima kwa sababu yangu. Tangu hapo walipangiwa siku nyingine za kliniki, mpaka leo.

Na miguu yake? Nimeuliza hilo pia. Ganzi ilianza kupungua baada ya dawa kupunguzwa. Dawa inaendelea, ndogo kidogo. Basi.

Jibu hilo nililishika bega pale getini, sentimita chache tu kutoka mdomoni kwangu. Sikuuliza kwa sababu nilikuwa naongea.

Sitasema samahani, maana nitaisema vizuri mno, nawe utasikia mnada ndani yake. Acha niulize. Daktari amekwambia nini? Umemwambia kuhusu damu kwenye kitambaa? Vidole vinauma au havisikii kabisa? Uliogopa nini siku ile? Unataka nikae na wewe jioni au nikuache? Kitambaa cha Wifi nikirudishe?

Na lile ambalo ningemwuliza hata mwenye ndoo. Bei yako ya chini ni ipi? Kitu gani tusikubali kukiuza, hata ugonjwa upandishe dau namna gani?

Mlango unafunguliwa. Naficha karatasi.

Mumeo


Chumba cha cherehani,
Jumatano, 21 Mei

Kwa mume wangu,

Salamu. Leo nimelala mpaka jua likaingia, nimekunywa chai, haikurudi juu. Wewe nimekusikia ukitembea sebuleni kwa vidole vya miguu kama mwizi. Tembea kawaida, unanitia wasiwasi.

Tangazo la mnada nimelisoma, mbele na nyuma. Lile la mbele lina makosa, friji haiwezi kuwa "karibu mpya." Lile la nyuma nililisoma nikiwa bafuni, nimefungua bomba la maji ili usisikie nikicheka. Umemzika mke wa mtu aliyekuwa anakata kucha! Nikipata nguvu nitamtafuta mama huyo, nimpe mkono.

Nilisema sitakusimulia. Nakusimulia, lakini si kwa kukuhurumia. Nakupa uone ulichokiuza.

Nilimweleza daktari yote. Nilichukua muda, nilisitasita, nilirudia, na hakuchoka na mimi, Bwana Mkato. Alinifumba macho akanigusa vidole kwa kijiti, kimoja kimoja, niseme ninapoguswa. Kisha akaweka kijiti chini akauliza kwa nini hakuambiwa mapema. Nilimwambia mume wangu ana sauti nzuri. Akaandika, sijui aliandika nini.

Mkono wa kulia, anasema, huenda ukarudi, polepole. Wa kushoto, vidole viwili vya mwisho, hajui. Amesema kama angejua kliniki mbili zilizopita, angekuwa na la kuahidi zaidi. Halafu akaniuliza mimi: tuendelee na dawa kamili au tupunguze? Akanieleza faida na hatari ya kila njia, bila kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nikasema apunguze. Nimechagua mwenyewe, mwenye mali.

Mshauri anataka tuandike tunavyojisikia. Sawa, nampa kalamu zake haki yao leo. Ninajisikia hasira, na haitaisha wiki hii wala ijayo, usije na maua ukadhani imeisha. Ninajisikia mjinga, kwamba nilisubiri karatasi ndipo nikaweza kumwambia mume wangu naogopa. Na jana, nilipofungua mlango wa daktari nikakukuta umekaa palepale nilipokuacha, mdomo umefungwa, jasho linakutiririka, nilijisikia kitu kingine ambacho sitakiandika. Hujakifikia bado.

Kitambaa cha Wifi kirudishe wewe mwenyewe, na umwambie ukweli. Kwa sauti ileile uliyomwambia uongo.

Maswali yako mengine nimeyajibu. Lile la mwisho sitalijibu kwa barua. Nimechoka kumwandikia mtu ninayesikia anavyokoroga chai. Jioni hii njoo huku chumbani, uje na mikono misafi. Blauzi ya mteja imepata kitambaa kipya, na vifungo vinashonwa kwa mkono. Wewe utanitungia uzi, mimi nitashona kwa hivi vilivyobaki. Ukishaketi, uniulize tena kwa mdomo, mara moja, bila kupaza sauti.

Nitachukua muda kujibu. Usinimalizie sentensi.

Mkeo